Mende wadogo wa jikoni: anzia nyuma ya friji

Natengeneza friji hapa Arusha. Karakana yangu iko Ngarenaro, na wikiendi nyingi nashuka Moshi kwa wateja wa zamani. Mtu anayevuta friji za watu kutoka ukutani kila siku huona ambayo mwenye jiko hayaoni, na ninachokutana nacho zaidi huko nyuma ni mende. Wanajibana kwenye kibao cha umeme, wanazaliana pembeni ya mota, wanafia kwenye nyaya. Kinyesi na mizoga yao ikishika unyevu, shoti inapiga na friji inazima. Mteja ameniita kwa sababu maji hayagandi, tunaishia kuzungumza habari ya mende mpaka chai inapoa.

Nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisema. Mende mdogo wa jikoni hazaliwi na uchafu. Analetwa ndani na mzigo, anabaki kwa sababu amepata joto, maji na ufa wa kujibana, halafu makombo yanamlisha. Nimevuta friji kwenye jiko linalong'aa pale Njiro nikakuta mende tele, na nimeingia chumba cha kupanga Unga Limited, familia nzima inapikia na kulala humo humo, nisione hata mmoja. Kwa hiyo tuache kuoneana aibu. Aibu ndiyo inayomfanya mama mwenye watoto afiche shida mpaka mende wanatembea mchana juu ya meza, na akifikia hapo wameshajaa kiasi kwamba maficho hayawatoshi.

Nasema hivi pia kwa sababu ya afya. Mende anatoka kwenye taka na chooni anakuja kukanyaga sahani, na miguuni anabeba vijidudu vinavyoleta kuhara. Kinyesi chake na magamba anayojivua vikikauka vinageuka vumbi, na vumbi hilo linaamsha pumu, hasa kwa watoto. Nikikuta mtoto anayekoroma kifua kwenye nyumba yenye mende wengi, siondoki bila kumwambia mzazi wake.

Jua ni mende yupi

Mijini kwetu utakutana na wawili. Yule mkubwa mwenye rangi ya kahawia inayokwenda kwenye wekundu, urefu wa sentimita 3.5 hadi 4, ni wa chooni, kwenye chemba na mitaro. Anaingia kwa miguu yake kutoka nje, zaidi masika mvua zinapojaza mashimo. Huyu habari yake ni fupi. Ziba mfuniko wa chemba kwa simenti pale ulipopasuka, funga wavu wa chuma kwenye bomba la hewa la choo, weka mpira chini ya mlango wa uani, na usiache tundu la bafuni wazi usiku. Jike lake hutaga vifuko vyenye mayai 16 hivi, na mtoto anaweza kuchukua mwaka mzima kukomaa. Ukiziba njia zake, idadi inashuka.

Anayewatoa watu machozi ni yule mdogo. Ana milimita 13 hadi 16, rangi ya kahawia iliyopauka, na mistari miwili ya giza nyuma ya kichwa. Mabawa anayo lakini haruki. Jike hubeba kifuko cha mayai mkiani kwa wiki tatu au nne, mayai 30 hadi 40 ndani yake, na hukiachia muda mfupi tu kabla hayajaanguliwa. Kwenye joto zuri watoto hao wanakomaa kwa miezi miwili au mitatu na kuanza kubeba vifuko vyao. Piga hesabu mwenyewe kuanzia jike mmoja aliyeingia Januari, uone utakuwa na nini Krismasi.

Huyu mdogo hana makazi yanayojulikana porini. Humkuti kwenye migomba ya Kibosho wala kwenye majani kando ya mto Themi. Anaishi palipo na watu tu. Mwaka 2024 wanasayansi waliopima vinasaba vyake walionyesha kwamba alitokana na mende wa Asia ya Kusini miaka kama 2,100 iliyopita, kisha akasambaa duniani kwa safari na biashara za binadamu. Nilipolisoma hilo nilifurahi, maana ndicho ninachokiona kazini: akiwa ndani kwako, kuna mtu au mzigo uliomwingiza, au amepenya kutoka kwa jirani mnayegawana naye ukuta.

Mizigo inayomwingiza

Friji za mtumba naziweka namba moja. Nyingi zimetoka kwenye nyumba au maduka yenye mende, na mende walioko ndani ya kifuniko cha mota hawashuki kwa sababu ya safari. Baada ya friji kuna maboksi. Karatasi ya boksi ina mawimbi ndani, na mawimbi hayo yanamtosha mtoto wa mende kulala humo. Trei za mayai, kreti za soda, makochi yaliyotumika, redio, king'amuzi kilichonunuliwa kwa mtu, sanduku la mwanafunzi aliyetoka bweni. Mtu akihama Sanawari kwenda Kwa Mrombo na kirikuu kimoja, mende wanahama naye kwenye lile boksi la vyombo alilolifunga usiku.

Kwa hiyo sheria ya nyumbani kwangu ni kwamba boksi halivuki mlango. Bidhaa zinatolewa uani, boksi linakwenda kwenye taka siku hiyo hiyo. Ukirudi kutoka Kilombero au Mbuyuni na trei ya mayai, hamishia mayai kwenye bakuli. Watu wanazitunza zile trei juu ya kabati wakisema zitafaa, na zinawafaa mende.

Ukinunua friji ya mtumba, iache barazani au stoo, mbali na jiko. Ichomoe kwenye umeme, fungua kifuniko cha nyuma chini kwa bisibisi, mulika kwa tochi. Tafuta vidoa vyeusi kama kahawa iliyosagwa, hicho ni kinyesi. Tafuta magamba meupe na vifuko vya mayai. Angalia pia mikunjo ya mpira wa mlango na ndani ya bawaba za juu. Hata usipoona kitu, weka kipande cha kadibodi chenye gundi ya panya chini yake kwa wiki nzima, na ukikague kila asubuhi. Fundi mwenzangu yeyote akikuuzia friji na kukuzuia usifungue nyuma, iache.

Kwa nini nyuma ya friji

Mota ya friji inatoa joto usiku na mchana. Juu ya mota kwenye friji nyingi kuna trei ya plastiki inayopokea maji ya barafu iliyoyeyuka, yakauke kwa joto la mota. Kati ya friji na ukuta kuna giza, na hakuna anayepitisha ufagio. Makombo yanayodondoka kwenye mpira wa mlango yanateremka chini. Joto, maji, giza, chakula, vyote ndani ya nusu mita. Ukiongeza friji gadi iliyochomekwa hapo hapo ukutani, nayo ina joto lake na matundu ya kuingilia, umekamilisha.

Mende mdogo anapenda kujibana mahali ambapo mgongo na tumbo vyote vinagusa kitu. Ufa wa milimita 5 ndio anaoupenda akiwa mkubwa. Watoto wanaingia hata kwenye wa milimita 1 au 2. Ndiyo maana utamkuta nyuma ya fremu ya picha, kwenye maungio ya kabati la vyombo, ndani ya soketi, chini ya meza pale mbao zinapokutana. Na kinyesi chake kina harufu inayowaita wenzake, kwa hiyo palipokaa mende wa kwanza ndipo watakapojaa wengine.

Maji nayatilia mkazo kuliko chakula. Mende huyu akipata maji anaweza kukaa karibu mwezi mzima bila kula. Akikosa maji na chakula pamoja, hamalizi wiki mbili hivi. Mama anafagia makombo kila usiku, lakini bomba la sinki linadondosha, tambara limelowa juu ya ndoo, dumu la maji linavuja kwenye kizibo. Mende hawaondoki.

Kuna tofauti pia ya miji yetu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake mnaijua. Moshi iko chini ya mita 1,000 na ina joto zaidi, kwa hiyo Pasua au Majengo mende anastarehe nyumba nzima, hadi chumbani. Arusha kwenye baridi wanakusanyika kwenye mota na king'amuzi, na kuzaliana kunapungua. Watu wanapuliza dawa Juni, wanaona kimya, wanasema dawa imefanya kazi. Septemba jua linarudi na mende wanarudi nalo. Kama unaishi Arusha, itumie miezi ya baridi: wamepungua mwendo, wamejikusanya sehemu chache, na hapo ndipo kuwamaliza kunakuwa rahisi.

Kazi yenyewe

Anza kwa kujua wako wapi. Zima taa za jikoni, subiri saa moja au mbili, ingia na tochi bila kelele. Tazama wanakokimbilia, maana wanakimbilia makwao. Siku inayofuata weka mitego ya gundi: nyuma ya friji, chini ya sinki, pembeni ya jiko la gesi, juu ya kabati, karibu na televisheni. Iandike namba na uikague kila siku chache. Mtego unaojaa ndio unaokuonyesha kitovu. Usipopata gundi, chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, izungushie karatasi nje ili wapande, paka mafuta ya mgando ndani ya shingo wasiweze kutoka, tia kipande cha mkate au ndizi mbivu. Asubuhi wamwagie maji ya sabuni. Sabuni inaziba vitundu vyao vya kupumulia.

Kisha usafi, lakini usafi wa kule usikoona. Chomoa friji, ivute, ondoa kifuniko cha chini. Trei ya maji, kama inatoka, ioshe. Kama haitoki, ikaushe kwa kitambaa. Sugua mota na nyavu za nyuma kwa brashi kavu, na ukuta na sakafu kwa maji ya moto ya sabuni mpaka vidoa vyeusi viondoke, maana harufu yake ndiyo inayowarudisha. Mpira wa mlango usugue kwa mswaki mchakavu, mkunjo kwa mkunjo. Kibao cha umeme usikiguse kwa maji. Kama kimejaa mende, mwite fundi akitoe na kukisafisha. Ukirudisha friji, acha nafasi ya kupitisha mkono kati yake na ukuta. Mota itapumua, na wewe utaweza kumulika.

Naomba sana jambo hili: usimwage maji ya moto kwenye mota na nyaya za friji yenyewe, na usichokoe kwa kisu. Friji nyingi mpya zinatumia gesi ya R600a, ambayo inawaka. Ukitoboa bomba lake karibu na jiko, umejitafutia moto.

Jiko la gesi nalo linyanyue, kuna mafuta chini yake yaliyoganda tangu lilipowekwa. Unga, mchele, sukari na chakula cha kuku viingie kwenye ndoo zenye mfuniko unaobana. Vyombo vichafu visilale. Kama umechoka kabisa, vizamishe vyote kwenye beseni la maji ya sabuni. Hivyo angalau hawali. Kabla ya kulala kausha sinki kwa kitambaa na ukikamue kitambaa hicho ukianike nje.

Nyufa zije baada ya hapo. Silikoni kati ya sinki na ukuta, simenti pale bomba linapopita ukutani, na siling bodi pale ilipoachana na ukuta. Usizibe kabla ya kusafisha na kuweka dawa, maana utawafungia ndani watokee kwingine.

Dawa

Watu wengi wanaanzia hapa, na ndiyo sababu wanashindwa. Dawa za kupulizia zinazouzwa madukani nyingi ni za jamii ya pairethroidi. Zinamuua yule unayemwona. Waliobaki zinawasumbua, wanatawanyika kwenye siling na kwa jirani, na mayai ndani ya kifuko hayadhuriki. Kisha mende wadogo sehemu nyingi duniani wameshajenga usugu kwa dawa hizi. Kama utapuliza, zima jiko na uchomoe friji kwanza, kwani gesi inayosukuma dawa kwenye kopo mara nyingi ni ya kuwaka.

Ninachokipendekeza ni dawa ya jeli, ile ya kwenye bomba la sindano. Kiini chake, yaani sumu iliyomo, mara nyingi huwa fipronili, indoksakabu au imidaklopridi. Mende anakula, anarudi maficho, anafia huko, na wenzake wanaokula kinyesi na mzoga wake nao wanakufa. Weka matone madogo mengi, ya milimita 3 hivi: kwenye bawaba za kabati, pembe za droo, chini ya sinki, ukutani nyuma ya friji. Usiweke juu ya mota kwenyewe, itakauka. Na pale ulipoweka jeli usipulizie kitu kingine, hata sabuni ya harufu kali, kwa sababu wataikimbia. Ongeza matone yanapoliwa, na endelea kwa miezi miwili au mitatu, mpaka watoto wa vifuko vya mwisho wametoka na kula.

Wapo wanaochanganya sukari na sumu yao nyumbani. Mwaka 1993 watafiti Marekani waliandika kuhusu mende wadogo wanaokataa kabisa glukosi, ambayo ni aina ya sukari, wakaishi na kuzaa huku chambo kitamu kikibaki. Kama jeli yako hailiwi, badilisha aina na kiini chake.

Asidi ya boriki ya unga inasaidia mahali pakavu, nyuma ya soketi na chini ya makabati yaliyofungwa. Inyunyize iwe nyembamba kiasi cha kutoonekana vizuri. Ukirundika, wanazunguka. Ni sumu kwa mtoto akiila, kwa hiyo isikae pale mkono wake unapofika.

Chaki ya mende siitaki kabisa. Inafanana na chaki ya shule, na mtoto haoni tofauti. Zaidi ya chaki naogopa dawa za shambani. Kwetu huku kila ukoo una mtu wa nyanya au kahawa, na dawa inapimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa inaletwa mjini kupulizwa chumbani. Dawa hizo zimetengenezwa kwa shamba la wazi, na ndani ya chumba zinawadhuru wanaolala humo. Na ile chupa bila lebo, usiku mtu mwenye kiu hawezi kuitambua. Nunua dawa yenye lebo, jina la mtengenezaji na namba ya usajili. Ukiwa na shaka, TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ndiyo inayosajili dawa hizi, na makao yake makuu yako hapa hapa kwetu Ngaramtoni, pale wengi bado wanapaita TPRI.

Mkiwa mnapanga

Nyumba nyingi za kupanga zina siling moja juu ya vyumba vyote. Chumba kimoja kikitibiwa peke yake, mende wanahama kwa wiki chache kisha wanarudi. Lazima mfanye pamoja, na hapo ndipo maneno yanapohitaji adabu. Usianze kwa kumwambia jirani kwamba kwake ni kuchafu. Anza na kwako: "Dada, kwangu mende wamenizidi, na najua ukuta wetu ni mmoja. Jumamosi naomba tuweke dawa wote." Mama mwenye nyumba mfuate na shikamoo yako, umwonyeshe mtego uliojaa. Mtego huo unazungumza vizuri kuliko malalamiko, na wengi wao wakiuona wanakubali kuchangia simenti na siling bodi, kwa kuwa nyumba ni yao.

Kama mmeamua kumwita mtu wa kupuliza, muulize kabla hajashusha pampu: dawa ni ipi na lebo iko wapi, watoto watoke kwa muda gani, vyombo vifunikwe namna gani, na atarudi lini. Asiyekuwa na siku ya kurudi hajui habari ya vifuko vya mayai. Ziara ya pili inatakiwa wiki tatu hadi nne baadaye, na mitego ya gundi ibaki mahali pake wakati wote huo ili mjue kama kazi imefanyika.